Ukungu wa Asubuhi na Dawa ya Kupanua Mishipa

Unaamka, unatazama saa ya ukutani, namba hazisomeki. Unanawa uso, bado. Ikifika saa nne ukungu unapungua, na adhuhuri unasoma gazeti kama kawaida. Wengi husingizia uzee. Huenda ni ugonjwa wa Fuchs, unaobeba jina la Ernst Fuchs, daktari wa Vienna aliyeueleza mwaka 1910.

Ugonjwa huu ni wa konea, kioo cha mbele ya jicho. Kwa ndani imetandikwa safu moja ya seli zinazopiga pampu mchana na usiku, zikitoa maji ili kioo kibaki angavu. Kwa mtu mzima, zikifa hazizaliwi nyingine badala yake. Zilizobaki hujitanua kuziba pengo. Zikizidiwa, konea inavimba. Usiku macho yakifumbwa maji hayana pa kukaukia, ndiyo maana asubuhi huwa mbaya zaidi.

Dawa inayotumika sasa kuzisaidia seli hizi ilianzia mbali na jicho. Mwaka 1995 Japani iliidhinisha fasudili, ya kulegeza mishipa ya ubongo inayojikaza baada ya damu kuvuja. Huzuia kimeng'enya cha Rho-kinasi, kinachokaza misuli ya mishipa. Ndugu yake, ripasudili, iliidhinishwa huko mwaka 2014 kama matone ya presha ya jicho.

Watafiti wa Kyoto waliona kwamba kukizuia kimeng'enya hicho husaidia pia seli za konea kushika na kusambaa. Mwaka 2018 walitoa matokeo ya wagonjwa 11 wenye konea zilizovimba: walidungwa seli zilizooteshwa maabara pamoja na dawa ya kukizuia kimeng'enya hicho, kisha wakalala kifudifudi kwa saa 3 ili seli zitue mahali pake. Tisa waliona vizuri zaidi.

Madaktari wengine hukwangua tu sehemu ya katikati iliyoharibika, bila kupandikiza, halafu hutoa matone ya ripasudili ili seli za pembeni zisogee kuziba. Njia hii haimfai kila mgonjwa: pembeni pakiwa hapana seli nzima, hakuna cha kusogea. Na kwa kuwa dawa hupanua mishipa, jicho huwa jekundu kwa muda baada ya tone.

Matone haya si ya kujinunulia, wala maji ya chumvi ya jikoni si mbadala wa matone ya chumvi ya hospitali, yanayotolewa kuvuta maji kwenye konea.

Ukiandikiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, mweleze daktari habari ya ukungu wa asubuhi, na umwombe apime seli za konea kwanza. Upasuaji huo hupunguza seli hizo hizo.