Jinsi ya Kujenga Nyumba Inayozalisha Umeme Mwingi Kuliko Inaoutumia

Mwaka 2011 Umoja wa Mataifa ulifungua jengo jipya la ofisi huko Gigiri, Nairobi, kwa ajili ya wafanyakazi wapatao 1,200. Juu ya paa zilitandazwa paneli za sola zenye meta za mraba 6,000, zilizokadiriwa kutoa uniti 750,000 za umeme kwa mwaka. Lengo lilikuwa jengo lijitosheleze, na paneli ni nusu tu ya kazi hiyo. Ofisi zake hupozwa na hewa inayoingia madirishani na kupanda kupitia uwazi mkubwa wa katikati, nao mwanga wa jua huzifikia meza za kazi mchana kutwa.

Huko Freiburg, Ujerumani, kwenye jua hafifu kuliko letu, mtaa wa Schlierberg uliosanifiwa na Rolf Disch una nyumba 59 zilizobuniwa kuzalisha umeme hadi wa ziada. Kanuni ni ileile: punguza matumizi kwanza, ndipo uhesabu paneli. Kuweka paneli nyingi kwenye nyumba inayopoteza umeme ni kuteka maji kwa pakacha.

1. Elekeza nyumba vizuri. Kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini. Jua la asubuhi na la alasiri hupiga kutoka chini, hivyo kuta za mashariki na magharibi ziwe fupi, zenye madirisha machache.

2. Ruhusu upepo upite. Kila chumba kiwe na madirisha mawili yanayokabiliana, ikiwezekana. Pwani, yapange yapokee kusi na kaskazi. Paa litokeze nje ya ukuta ili kuukinga na jua.

3. Zuia joto la bati. Weka dari, tandaza kizuia joto juu yake, na chagua bati la rangi nyeupe au iliyopauka.

4. Chagua vifaa. Balbu ya LED ya wati 9 hutoa mwanga unaokaribia ule wa balbu ya zamani ya wati 60. Shawa ya umeme hula kilowati 4 au zaidi. Hita ya maji ya sola hukuondolea mzigo huo.

5. Piga hesabu. Soma mita yako kwa mwezi mzima, kisha gawanya kwa siku. Kilowati moja ya paneli, penye jua zuri pasipo kivuli, hutoa takribani uniti 4 kwa siku. Nyumba inayotumia uniti 6 ikiweka kilowati 2 itapata 8, na 2 zitabaki. Kusini mwa ikweta paneli zielekee kaskazini, na ziinamishwe angalau nyuzi 10 ili mvua izioshe vumbi.

6. Panga matumizi ya ziada. Ihifadhi kwenye betri, au uipeleke kwenye gridi kupitia mita inayosoma pande mbili. Kenya ilitoa kanuni za utaratibu huo mwaka 2024. Penginepo, uliza kwanza shirika la umeme. Usirudishe umeme kwenye nguzo kienyeji: unaweza kumuua fundi anayeamini waya umezimwa.

Hatua mbili za kwanza ni nafuu zikiwa bado kwenye mchoro, na ni ghali mno ukuta ukishasimama. Kaa na msanifu wako kabla ya kuchimba msingi.