Chembe Nano Zinazong'aa Ndani ya Seli Hai

Swali: Kwa nini bakteria anayeng'aa chini ya hadubini hatuelezi hali ya seli hai?

Jibu: Chukua mfano wa karibu na Mlali. Panya wa APOPO pale SUA, Morogoro, wakinusa kifua kikuu kwenye makohozi, mtaalamu huhakikisha kwa hadubini. Rangi ya auramini hung'arisha bakteria, lakini haitofautishi aliye hai na mfu. Kwa mgonjwa anayetumia dawa, tofauti hiyo ni kubwa.

Chembe nano (nanomita 1 hadi 100) huingizwa ndani ya seli ikiwa bado hai. Hufyonza mwanga wenye nishati kubwa, mfano bluu, na kutoa wenye nishati ndogo, mfano nyekundu. Zinazotumika kupima hubadili mng'ao pale asidi au joto la seli linapobadilika. Watahiniwa wengi huandika "inang'aa" wakaishia hapo; alama ziko kwenye kubadilika.

Doti za kwantamu (Nobeli ya Kemia 2023) zenye kadmiamu zaweza kuua seli ileile unayoipima, hivyo hufunikwa kwa gamba.

Zoezi: Chembe A hung'aa sawasawa katika pH 5 na pH 7. Je, yafaa kupima asidi? Toa sababu. (alama 3)