Njia ya Kwenda Chuo cha Uuguzi: Somo kwa Vijana na Wazazi



 Wanafunzi wetu wapendwa pamoja na wazazi na walezi, tumeona katika toleo hili tulete somo juu ya swali ambalo huletwa kwetu kila mwaka matokeo ya kidato cha nne yanapotoka: kijana wetu anataka kusomea uuguzi, afanye nini? Swali ni zuri. Tatizo ni kwamba mara nyingi huja likiwa limechelewa miaka miwili, na hapo ndipo tunapotaka kuanzia.

Somo lililoachwa kidato cha tatu

Anayetaka kusomea stashahada ya uuguzi na ukunga katika vyuo vya Tanzania Bara anatakiwa awe na ufaulu wa masomo yasiyopungua manne katika mtihani wa kidato cha nne. Katika hayo manne lazima ziwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Akiwa amefaulu pia Hisabati na Kiingereza, hiyo ni nyongeza inayomsaidia. Tena yanahesabiwa masomo yasiyo ya dini tu. Hapa tusimame kidogo, kwa sababu linatuhusu sisi zaidi kuliko wengine. Mwanafunzi aliyepata alama nzuri sana katika Elimu ya Dini ya Kiislamu amefanya jambo jema na ajira yake iko kwa Allah, lakini alama ile haimpatii nafasi katika chuo cha uuguzi. Asihesabu masomo manne akadhani ametosha, kumbe ana matatu.

Basi turudi nyuma. Kwa miaka mingi wanafunzi wetu wamekuwa wakiingia kidato cha tatu na kuchagua: huyu aendelee na sayansi, yule aende kwenye sanaa. Wengi hubaki na Baiolojia kwa kuwa ni ya lazima, wengine hubaki na Kemia, na Fizikia huachwa kwa sababu mwalimu wake hayupo au kwa sababu binti ameambiwa kwamba si somo la wasichana. Hakuna anayemwambia siku ile kwamba amefunga mlango wa uuguzi. Atakuja kuambiwa na kompyuta, baada ya miaka miwili, atakapokuwa anajaza maombi. Kwa hiyo, mzazi mwenye mtoto kidato cha kwanza au cha pili ndiye tunayezungumza naye hasa. Usimwachie mtoto wa miaka kumi na mitano aamue peke yake kuacha Fizikia. Nenda shuleni, uliza kama kuna mwalimu, na kama hayupo uliza wanafunzi waliotangulia walisomaje.

Aliyekwishaacha naye asikate tamaa. Anaweza kujiandikisha kama mtahiniwa wa kujitegemea na kufanya mtihani wa masomo yanayompungukia. Ajue tu kwamba Fizikia na Kemia zina mtihani wa vitendo, kwa hiyo atafute kituo chenye maabara, si daftari la kuazima peke yake.

Tunataka mkunga mwanamke, nani atamsomesha?

Wapo wazazi wanaosita. Husema kazi ile ina zamu za usiku, ina kugusana na watu, na chuo kiko mbali na nyumbani. Hatuyapuuzi maneno hayo. Lakini ni sisi sisi ambao, mke anaposhikwa na uchungu, hufika zahanati na kuuliza kama yupo muuguzi mwanamke. Atatoka wapi ikiwa kila nyumba inamsubiri binti wa nyumba nyingine? Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliihesabu elimu ya tiba kuwa ni katika fardhi kifaya, yaani jambo ambalo likifanywa na baadhi ya watu wengine wamesalimika, na likiachwa na wote basi wote wana lawama. Na katika zama za Mtume (S.A.W.) alikuwepo Rufaida wa kabila la Aslam, aliyekuwa akitibu majeruhi katika hema lake mjini Madina. Katika vita vya Khandaq, sahaba Saad bin Muadh alipojeruhiwa, alipelekwa kwake kuuguzwa. Ummu Atiyya naye alitoka katika safari saba za vita, akiwapikia watu na kuwahudumia wagonjwa. Wavulana nao wasidhani somo hili haliwahusu, maana wodi ya wanaume inahitaji wauguzi pia.

Wengine husita kwa sababu chuo kiko chini ya kanisa. Katika mkoa wetu wa Singida huduma za hospitali zimejengwa kwa sehemu kubwa na wamisheni: Makiungu iliyopo Ikungi ilianzishwa na masista Wakatoliki mwaka 1954, Mtakatifu Gaspar ya Itigi ni ya Wakatoliki pia, na historia ya hospitali ya Kiomboi inaanzia kwa Walutheri. Wagonjwa wetu wametibiwa huko miaka yote. Mafunzo ya uuguzi yapo Kiomboi na Itigi, na ni vizuri mzazi aende mwenyewe aone bweni, aulize habari ya sare, kitambaa cha kichwa na mahali pa kuswali, kabla ya kusema ndiyo au hapana. Maswali haya yanaulizwa kwa adabu na yanajibiwa.

Miezi kumi ya kuandaa mambo

Mtihani wa kidato cha nne hufanyika Novemba. Matokeo hutoka Januari. Dirisha la udahili wa vyuo vya afya kwa kawaida hufunguliwa katikati ya mwaka, na masomo huanza Septemba au Oktoba. Hii ni miezi kumi hivi, na wengi huipoteza kwa kukaa. Lakini tazameni jinsi inavyoafikiana na mwaka wa mkulima wa Singida: mvua hushika Desemba, alizeti hupandwa Desemba na Januari, na huvunwa Mei na Juni. Kijana aliyemaliza mtihani anaweza kupewa kipande chake cha shamba, akalima kwa nguvu zake, akauza wakati ule ule maombi yanapofunguliwa. Fedha hiyo haitamaliza ada, lakini italipa maombi, nauli, sare na godoro. Asitegemee alizeti peke yake, kwani tuliona bei ilivyoanguka mwaka 2023 na wenye magunia wakabaki wanayatazama. Kuku wa kienyeji kumi, au kitalu cha vitunguu kwa wenye maji bondeni, ni akiba ya pili.

Katika miezi hiyo kuna kazi nyingine ambayo haihitaji jembe: karatasi. Na katika karatasi, ugonjwa mkubwa wa watoto wetu ni majina. Cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Khadija Shaaban, cheti cha shule kinasema Hadija Shabani, na kitambulisho cha baba kina jina la ukoo ambalo halipo kwenye vyote viwili. Kwetu sisi huyo ni mtoto mmoja. Kwa mtambo wa serikali hao ni watu watatu. Tofauti hizi hurekebishwa, lakini huhitaji muda, safari za mjini, na pengine kula kiapo mbele ya mwanasheria. Asiye na cheti cha kuzaliwa kabisa aanze Desemba, asingoje Juni.

Tena kuna chanjo. Muuguzi hushika damu na sindano, na anayejiandaa kwa kazi hiyo anashauriwa apate chanjo ya homa ya ini aina ya B. Huchomwa mara tatu: ya pili mwezi mmoja baada ya ya kwanza, na ya tatu mwezi wa sita. Anayeanza Januari anamaliza Julai, akiingia chuoni yuko salama.

Maombi yenyewe hufanywa kwa mtandao, kupitia mfumo wa udahili unaosimamiwa na NACTVET, baraza ambalo zamani tulilijua kwa jina la NACTE. Kila mwaka baraza hutoa kitabu cha mwongozo kinachotaja vyuo vilivyosajiliwa, sifa zinazotakiwa na ada ya kila chuo. Kisomeni chote kabla ya kuchagua. Chuo kisichomo humo msikipelekee hata shilingi, hata kama mabango yake yamejaa stendi. Na jambo dogo linaloharibu makubwa: kijana huenda kwenye duka la steshenari, mwenye duka humjazia fomu kwa namba yake mwenyewe ya simu na neno la siri analolijua yeye tu. Majibu yanakuja kwenye simu ya mwenye duka, naye ana wateja mia. Tumieni namba ya simu ya nyumbani, andikeni neno la siri kwenye daftari, na malipo yafanyeni kwa namba ya malipo iliyotolewa na mfumo, si kwa mtu anayejiita afisa na kuahidi nafasi.

Kuhusu ada, Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, ambayo ilianza kazi mwaka 2005 ikihudumia wanafunzi wa vyuo vikuu, iliwafungulia wanafunzi wa stashahada za fani za kipaumbele katika mwaka wa masomo 2023/2024, na fani za afya zikiwemo. Vigezo hutangazwa kila mwaka, na cheti cha kuzaliwa huhakikiwa RITA. Majina tena, mnaona.

Kazi na masomo kwa pamoja

Sasa tuseme ukweli ambao baadhi hawapendi kuusikia. Stashahada ya uuguzi ni miaka mitatu, kuanzia ngazi ya 4 hadi ya 6, na si masomo ya kuhudhuria jioni baada ya kibarua. Mwanafunzi ana darasa, ana maabara, ana zamu za asubuhi, mchana na usiku wodini, kliniki ya wajawazito na chumba cha kujifungulia. Mahudhurio yake yanahesabiwa. Anayedhani ataajiriwa dukani kutwa na kusoma uuguzi kwa pamoja atapoteza kimoja, na mara nyingi hupoteza chuo. Kazi inayofaa ni ile inayoendelea bila yeye kuwepo: kuku wanaotunzwa na mama kwa makubaliano ya kugawana, shamba linalolimwa na kaka, au kushona na kufundisha watoto wakati wa likizo.

Na kuna kazi isiyoitwa kazi. Binti anapangiwa kwa shangazi mjini ili asome, kisha anateka maji, anapika, anafua na kulea, na anafungua kitabu saa tano usiku akiwa amechoka. Wala hatusemi asisaidie. Heshima ya nyumba ni wajibu wake. Tunasema wazazi wakae na mwenyeji kabla hajahamia, wakubaliane ni kazi gani na saa ngapi, na wiki ya zamu ya usiku aachwe alale mchana. Mgonjwa anayepewa dawa na muuguzi mwenye usingizi yuko hatarini.

Katika kusoma, mtoto wa madrasa ana silaha aliyokwishaizoea. Aliyehifadhi juzuu anajua kwamba kipande kidogo kila siku baada ya Alfajiri, na marejeo ya jana kabla ya somo la leo, humshinda anayekesha usiku wa mtihani. Afanye hivyo hivyo kwa mifupa na mishipa ya mwili. Ila dozi ya dawa haihifadhiwi tu, hupigwa hesabu, na ndiyo maana Hisabati ina faida.

Ramadhani itamkuta wodini. Apange mapema, asingoje mwezi uandame. Wanafunzi wengi hubadilishana zamu na wenzao Wakristo, naye akawashikia zamu zao siku ya Krismasi na Pasaka. Ni mapatano mazuri, na huacha urafiki.

Kwa wale ambao tayari wapo kazini, kama wauguzi wa ngazi ya cheti wanaotaka stashahada, hesabu ni nyingine. Wakiondoka, zahanati hubaki tupu. Kenya walilikabili hilo mwaka 2005 kwa kuanzisha mafunzo ya kompyuta yaliyokusudiwa kwa wauguzi zaidi ya elfu ishirini, wapande daraja bila kuacha vituo vyao. Muuguzi wa kwetu aanze kwa kuzungumza na mwajiri wake kuhusu ruhusa ya masomo, kwa maandishi, kabla ya kulipa chochote. Na mhitimu yeyote, wa cheti au wa stashahada, hafanyi kazi mpaka asajiliwe na kupewa leseni na Baraza la Uuguzi na Ukunga.

Walio kidato cha pili mwaka huu, pamoja na wale wanaongoja matokeo, tunawaomba waje madrasa Jumamosi baada ya Adhuhuri wakiwa na cheti cha kuzaliwa na karatasi yoyote ya shule yenye jina. Tutayasoma majina herufi kwa herufi. Mzazi mmoja aje pia, na kitambulisho chake.