Somo la Uwakili: Kupima Presha ya Oili Katika Gari la Dizeli la Zamani



Magari mengi yanayotumika katika miradi ya sharika ni ya dizeli na yamekwisha kufanya kazi miaka mingi. Mfano unaofahamika na wengi ni Toyota Land Cruiser yenye injini ya 1HZ: silinda 6, ujazo wa sentimita za ujazo 4,164, isiyo na turbo. Injini ya namna hii ikitunzwa hudumu sana. Ikikosa presha ya oili, inaweza kuharibika ndani ya dakika chache. Gari hilo ndilo linalopeleka chanjo vijijini, na ndilo linaloitwa usiku mama anaposhikwa na uchungu. Kwa hiyo somo hili ni la kamati nzima, si la fundi peke yake.

1. Presha ya oili ni nini?

Chini ya injini kuna sampu, yaani bakuli la oili. Pampu inayoendeshwa na injini yenyewe huivuta oili, huipitisha kwenye filta, kisha huisukuma hadi kwenye beringi za krenki na sehemu nyingine zinazozunguka. Huko oili hukaa kama utando mwembamba kati ya chuma na chuma, ili visisagane.

Presha hupatikana kwa sababu oili inasukumwa kupita katika nafasi finyu. Beringi zikilika, nafasi hupanuka na presha hushuka. Kwa hiyo presha hutueleza hali ya ndani ya injini kabla hatujaifungua.

2. Kijiti na taa

Kijiti cha kupimia huonyesha kiasi cha oili, hakionyeshi presha. Egesha gari mahali tambarare, zima injini, subiri angalau dakika 5. Chomoa kijiti, kifute, kirudishe hadi mwisho, kisha chomoa tena na usome. Oili iwe kati ya alama mbili. Angalia pia mambo haya:

- Oili imeongezeka bila mtu kuongeza, tena inanuka dizeli: mafuta yanavuja kuingia ndani, na oili imekuwa nyepesi.
- Oili ina rangi ya chai ya maziwa: maji yameingia.
- Oili ni nyeusi: katika dizeli hilo ni jambo la kawaida, si ugonjwa.

Taa ya oili iwake ufunguo unapofunguliwa, na izimike sekunde chache baada ya injini kuwaka. Isipowaka kabisa wakati wa kufungua ufunguo, gari halina mlinzi: balbu imeungua, waya umekatika au swichi imekufa. Tukumbuke pia kwamba katika magari mengi taa hii huwaka pale tu presha inapokuwa imeshuka mno. Taa kuzimika si ushahidi kwamba injini ni nzima.

3. Kupima kwa geji

Geji ya dashibodi hutegemea umeme na inaweza kudanganya. Kipimo cha kuaminika ni geji ya mkono yenye mpira, ambayo fundi huifunga moja kwa moja kwenye injini.

(a) Injini ikiwa imezimwa na haijapata moto, fungua swichi ya oili na ufunge geji mahali pake. Meno ya skrubu yalingane; usilazimishe.
(b) Washa injini, hakikisha hakuna mvujo.
(c) Acha injini ipate joto lake la kawaida la kazi. Oili baridi ni nzito, hivyo hutoa presha kubwa inayopotosha.
(d) Soma geji injini ikiunguruma bila kukanyaga mafuta, kisha soma tena kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika.
(e) Linganisha na kitabu cha gari hilo.

Katika injini kadhaa za dizeli za Toyota za zamani, kitabu hutaja kilo 0.3 au zaidi kwa sentimita ya mraba bila kukanyaga mafuta, na kati ya 2.5 na 6.0 kwenye mizunguko 3,000. Kilo 1 kwa sentimita ya mraba ni karibu sawa na psi 14.

4. Kusoma majibu

Geji ya mkono ikionyesha presha nzuri huku taa inawaka, badilisha swichi au tengeneza waya. Presha ikiwa ndogo kweli, anza na yaliyo rahisi: kiasi cha oili, aina yake, na filta. Baada ya hapo fundi akague chujio la ndani ya sampu, vali ya presha, pampu, na mwisho beringi.

Presha ikishuka gari linapopanda mlima au kukata kona, mara nyingi oili imepungua na pampu inavuta hewa. Kuweka oili nzito zaidi ili geji ipande ni kuficha ugonjwa. Tumia daraja lililoandikwa katika kitabu, na oili iliyotengenezwa kwa dizeli; alama yake ya API huanza na herufi C.

5. Taa ikiwaka njiani

Dereva asimamishe gari mahali salama na azime injini mara moja, asiseme "nifike kwanza kijiji kinachofuata." Apime oili na kutazama kama kuna mvujo chini. Akiongeza oili na taa ikaendelea kuwaka, gari livutwe.

Hapa kuna jambo la uongozi. Dereva aliyebeba Mchungaji anayewahi ibada, au wageni wanaowahi ndege, huogopa kusimama. Kamati imwandikie ruhusa iliyo wazi: taa ya oili ikiwaka, dereva ndiye mwenye neno la mwisho, na hatalaumiwa kwa kuchelewa.

6. Wajibu wetu

Kamati iweke daftari la gari: tarehe, kilometa, oili iliyoongezwa, na presha iliyopimwa injini ikiwa ya moto. Kipimo kimoja husema kidogo. Vipimo vya mwaka mzima huonyesha injini inakoelekea, na kamati hupata muda wa kutafuta fedha kabla gari halijasimama.

Kwa marafiki wanaotuchangia: gari jipya hupigwa picha, lakini oili, filta na geji havipigwi. Hata hivyo ndivyo vinavyolinda sadaka iliyokwisha kutolewa. Tunaomba bajeti ya kila mradi wenye gari iwe na fungu la matengenezo tangu mwaka wa kwanza.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Je, taa ya oili ya gari letu huwaka ufunguo unapofunguliwa? Nani ameitazama wiki hii?
2. Presha ilipimwa lini kwa geji ya mkono, na matokeo yameandikwa wapi?
3. Je, dereva wetu anaweza kusimamisha gari bila hofu, hata akiwa amembeba kiongozi?