Simu mpya Kariakoo: kabla hujaondoka kaunta

Umebana hela hadi ukapata simu. Usiharibu kwa haraka ya dakika tano.

1. Bonyeza *#06# palepale. Tarakimu 15 za IMEI zifanane na za kwenye boksi. Zitume kwenda 15090 kuhakiki.
2. Risiti iandikwe IMEI hiyo.
3. Muuzaji asikufungulie akaunti ya Google kwa imeili yake. Siku ukiifuta simu yote, itadai nywila asiyoikumbuka hata yeye.
4. Kava na protekta kwanza, spika baadaye. Futa vumbi kabla ya kubandika; chembe moja huacha povu.
5. Chaja ikiunguza kiganja, irudishe.
6. Weka PIN kwenye laini pia: mwizi huichomoa akaihamishia simu nyingine.
7. Zima masasisho yanayokula bando.