Mtoto wa Tumbili Hafugiki: Kijitabu kwa Wakazi wa Busia, Malaba na Tororo

Kijitabu hiki ni cha mtu ambaye ana mnyamapori nyumbani kwake sasa hivi, au anayefikiria kumchukua. Huenda ni tumbili aliyefungwa kamba nyuma ya duka, komba ndani ya boksi, nguchiro anayezunguka jikoni, mtoto wa paa aliyeokotwa shambani, au kakakuona aliyeletwa usiku na mtu anayedai mnyama huyo ana bahati. Tumeandika zaidi juu ya tumbili kwa sababu anaishi karibu nasi na watoto humpenda upesi. Mengi tunayoyasema juu yake yanawahusu na wenzake.

Anatoka wapi

Tumbili hahitaji msitu mkubwa. Wapo katika misitu ya Busitema na West Bugwe, na pia kwenye vichaka vya kando ya mito ya Sio na Malaba. Mahindi yanapokomaa huingia shambani, na hasara anayoipata mkulima ni ya kweli. Anayemlaumu mkulima kwa kuwafukuza hajawahi kulinda shamba tangu alfajiri.

Lakini mtoto wa tumbili haji mikononi mwa watu kwa hiari yake. Miezi ya mwanzo huwa ameng'ang'ania tumbo la mama yake. Mbwa wanapomwangusha mama, au akipigwa rungu, mtoto hubaki ameshika manyoya ya mzoga, na hapo ndipo anapobanduliwa na kutafutiwa mnunuzi. Dereva wa lori aliyechoka na foleni ya Malaba anamwona, anamhurumia, anatoa pesa. Anadhani amemwokoa. Alichofanya ni kumlipa aliyemuua mama, na kesho yule muuzaji atarudi kutafuta mwingine.

Mtoto wa paa ni jambo jingine. Mama humlaza kwenye nyasi ndefu akaenda kula, kisha hurudi kumnyonyesha. Ukimkuta amelala peke yake, hajatupwa. Zuia mbwa, ondoa watoto, mwache hapo hapo. Akipelekwa nyumbani akanyweshwa maziwa ya ng'ombe, mara nyingi huharisha na kufa.

Miaka inavyokwenda

Hatukatai kwamba mwanzo ni mtamu. Tumbili mchanga hulala shingoni mwa mtu, hunyonya chupa, hulia akiachwa. Familia nzima humpenda, na mapenzi hayo ni ya kweli. Tatizo ni kwamba anakua. Dume hukomaa akiwa na umri wa miaka mitano hivi, akiwa na uzito wa kilo tano au zaidi, na chonge zake zinaweza kuchana mkono wa mtu mzima. Akiwa porini, umri huo ndio anaohama kundi alilozaliwa na kwenda kupigania nafasi kwingine. Nyumbani hana kundi jingine ila familia yako, kwa hiyo anapigania nafasi humo humo, akianza na aliye mdogo kuliko wote.

Tazama jinsi inavyotokea. Tumbili anamkazia mtoto macho, anainua nyusi mpaka ngozi nyeupe ya kope inaonekana, anatikisa kichwa. Hilo ni onyo. Mtoto anaona ni mchezo, naye anamkazia macho na kucheka, meno yote nje. Kwa tumbili, macho makali na meno wazi ni tangazo la vita, na anarukia uso. Watu husema alibadilika ghafla, lakini tumbili alikuwa ameonya kwa njia anayoijua.

Baada ya kuuma mara moja, hufungwa. Kamba hupitishwa kiunoni akiwa bado mdogo. Mwili unanenepa, kamba inabaki vilevile. Manyoya hufunika mahali pale, na mwenye nyumba haoni kitu mpaka asikie harufu au aone nzi. Daktari wa mifugo anapokata kamba hiyo, huikuta imezama ndani ya nyama. Tunaomba mtu yeyote mwenye tumbili wa kufungwa apenyeze kidole leo kati ya kamba na ngozi. Kidole kisipopita, mnyama anahitaji daktari, na asiivute kamba mwenyewe.

Chakula nacho kina madhara yake. Porini tumbili hula matunda, majani machanga, maua, mbegu, utomvu wa migunga na wadudu. Nyumbani hupewa ugali, chai ya maziwa, mandazi na soda iliyobaki. Meno huoza, tumbo huharibika. Akifichwa ndani ya chumba chenye giza ili majirani wasimwone, mifupa yake hulegea kwa kukosa jua. Na tumbili anaweza kuishi zaidi ya miaka 20 chini ya uangalizi wa watu. Msichana anayemlilia baba amnunulie atakuwa ameolewa na kuhama, na tumbili bado yupo.

Kwa nini huwezi kumrudisha msituni

Hili ndilo linalotuuma zaidi, kwa sababu wengi hufanya hivyo wakiwa na nia njema. Humbeba kwa bodaboda mpaka Busitema, humfungua, huondoka na moyo mweupe.

Watafiti walioishi na tumbili wa Amboseli, kusini mwa Kenya, walionyesha wanyama hawa wanavyoelimishana. Thomas Struhsaker aliorodhesha milio yao katika miaka ya 1960, na mwaka 1980 Robert Seyfarth, Dorothy Cheney na Peter Marler wakachapisha matokeo ya majaribio ya kuwachezea milio iliyorekodiwa. Mlio wa chui huwapandisha mitini. Mlio wa tai huwafanya watazame juu au wakimbilie vichakani. Mlio wa nyoka huwasimamisha kwa miguu miwili, wakichungulia nyasi. Watoto hukosea: hulia mlio wa tai hata kwa jani linaloanguka, na hujifunza polepole kwa kuwatazama wakubwa. Tumbili aliyelelewa dukani hakupata masomo hayo. Hajui kupata chakula cha msimu, haogopi mbwa, na akiona watu huwaendea badala ya kukimbia. Kundi la wenyeji likimkuta humshambulia kama mgeni. Zaidi ya hayo, anaweza kuwapelekea kifua kikuu au surua aliyoambukizwa na watu.

Kumfundisha upya kunawezekana, ila ni kazi ya wataalamu na ya muda mrefu: humchanganya na tumbili wengine, humpunguzia mazoea ya watu, ndipo wanatafuta eneo la kumwachia akiwa na kundi. Shirika la Colobus Conservation la Diani, lililoanzishwa mwaka 1997, hufanya kazi ya namna hiyo Pwani ya Kenya. Wengine hawarudi kamwe. Kisiwa cha Ngamba, katika Ziwa Victoria upande wa Uganda, kilipokea sokwe 19 mwaka 1998, mayatima waliookolewa mikononi mwa wafanyabiashara na wafugaji. Kina ekari 100 tu hivi, na sokwe wa kule hulishwa kila siku kwa sababu msitu huo hauwatoshi.

Magonjwa yanapita njia mbili

Agosti 1967, wafanyakazi wa maabara katika miji ya Marburg na Frankfurt nchini Ujerumani, na Belgrade katika Yugoslavia ya wakati ule, waliugua baada ya kushughulikia tumbili waliosafirishwa kutoka Uganda. Walioambukizwa walifika 31, na 7 wakafa. Ndivyo virusi vya Marburg vilivyojulikana. Vimeonekana pia karibu nasi zaidi, kwenye Mlima Elgon: mwaka 1980 mtu aliyefanya kazi magharibi mwa Kenya aliugua na kufa baada ya kutembelea pango la Kitum, na mwaka 2017 watu watatu wa wilaya ya Kween walikufa. Maskani ya virusi hivyo ni popo wa mapangoni, na tumbili wengi hawana virusi hivyo. Mwenye kununua mtoto wa tumbili njiani hana namna ya kujua kama wake anavyo.

Mwaka 2003 panya buku na wanyama wengine wadogo kutoka Ghana waliuzwa Marekani kwa ajili ya kufugwa majumbani. Wakawaambukiza ugonjwa wa mpox wanyama wa huko wa jamii ya kindi waliowekwa nao kwa mfanyabiashara wa wanyama, na hao wakawaambukiza wanunuzi. Waliothibitishwa au kudhaniwa kuugua walikuwa watu 47. Panya buku wapo kwetu pia.

Ila ugonjwa tunaouogopa kuliko yote hapa mpakani ni kichaa cha mbwa. Mnyama yeyote anyonyeshaye anaweza kuupata, nguchiro na tumbili wakiwemo, na tumbili wa kufungwa hana pa kukimbilia mbwa mgonjwa anapompitia. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Kabla ya dalili, chanjo inaokoa maisha.

Kwa hiyo mtu akiumwa au kukwaruzwa, aoshe jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili. Dakika hizo ni nyingi kuliko watu wanavyodhani; tumia saa. Usipake mafuta ya taa, pilipili wala dawa ya mitishamba. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, sema wazi uliumwa na mnyama gani hata kama unaona aibu kwamba ulimfuga, uliza pia kuhusu pepopunda, na umalize dozi zote za chanjo. Kidonda kupona si sababu ya kuacha dozi zilizobaki.

Sheria za pande mbili

Kenya inafuata Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 na Uganda ile ya 2019. Katika nchi zote mbili kumwokota mnyamapori hakukufanyi uwe mwenye mali. Kumweka kunahitaji kibali cha shirika la wanyamapori la Kenya (KWS) au mamlaka ya wanyamapori ya Uganda (UWA). Kwa spishi zilizo katika hatari kubwa ya kutoweka, sheria ya Uganda inaruhusu faini ya hadi shilingi bilioni 20 au kifungo cha maisha. Kumvusha mpaka kwa njia za panya huongeza kosa la magendo. Nchi zote mbili zimo katika CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, uliopiga marufuku biashara ya kimataifa ya kakakuona wa aina zote nane kwa uamuzi wa mwaka 2016. Kakakuona hula mchwa na sisimizi tu, na kwenye boksi hufa upesi. Yule anayekwambia ana bahati, mfukuze.

Mfano wa magendo ni huu: Januari 2005 kreti moja ilizuiwa katika uwanja wa ndege wa Nairobi. Ndani mlikuwa na sokwe wachanga sita na tumbili wanne, wamesafirishwa bila chakula wala maji ya kutosha. Sokwe mmoja alikufa. Watano walipelekwa kwenye makao ya sokwe ya Sweetwaters, karibu na Nanyuki. Sokwe anaweza kuishi miaka 50 na zaidi, kwa hiyo kazi ya kuwatunza ni ya muda mrefu.

Ukiwa naye tayari

Usimuue, usimpe jirani, usimtupe msituni. Upande wa Kenya wasiliana na KWS au mpitie chifu; upande wa Uganda wasiliana na UWA, ambao wana ofisi ya Mlima Elgon mjini Mbale, au anza na mwenyekiti wa kijiji (LC1) au ofisa wa wanyamapori wa wilaya. Wanyama waliookolewa Uganda hupokelewa kwenye kituo cha wanyamapori cha Entebbe. Kenya ina kituo cha wanyama mayatima cha Nairobi, kilichofunguliwa mwaka 1964. Wengi hukawia kwa kuogopa kukamatwa. Hatuwezi kuahidi kwa niaba ya maofisa, lakini aliyekwenda mwenyewe kuripoti yuko mahali pema kuliko aliyefumaniwa, na mnyama aliyetolewa akiwa mdogo ana nafasi kubwa zaidi ya kurudi kwa wenzake.

Wakati unawasubiri, mweke mahali penye kivuli na hewa, mbali na watoto na mbwa. Mpe maji, na kama ni tumbili, matunda pia. Asishikwe kwa mikono mitupu. Kisha andika kwenye karatasi: alipatikana wapi na lini, amekula nini, amewahi kuugua nini, na majina ya wote aliowahi kuwauma au kuwakwaruza, tarehe zikiwemo. Karatasi hiyo mkabidhi ofisa pamoja na mnyama, na nakala yake waliotajwa waende nayo hospitali.