"Inauma" Wapi? Hojaji za Fiziotherapia na Kiswahili cha Kambi Muru, Kibera

Utangulizi

Wanafunzi wa Kiswahili tumezoea kuyatafuta matatizo ya tafsiri katika riwaya, tamthilia na vitabu vitakatifu. Makala haya yanayatafuta mahali tusipofika mara nyingi, nayo ni hojaji ya mtafiti wa fiziotherapia, taaluma inayoshughulikia viungo, misuli na neva kwa mazoezi, kukanda na mbinu nyingine zisizo za upasuaji. Chanzo cha makala ni kazi ndogo niliyoombwa na mwanafunzi mwenzangu wa taaluma hiyo. Nilitakiwa kumtafsiria maswali machache kuhusu maumivu ya mgongo na miguu, kisha nifuatane naye hadi Kambi Muru, mojawapo ya vijiji vya Kibera jijini Nairobi, tukayajaribu maswali hayo kabla hajaanza utafiti wake. Nilidhani ningemaliza kwa siku moja. Mama wa kwanza tuliyeketi naye alijibu swali la kwanza kwa neno moja tu, "Inauma", nami nikaliandika vibaya.

Kosa la upatanisho

Katika Kiswahili sanifu, mguu mmoja "unauma" na miwili "inauma". Hiyo ndiyo ngeli ya U-I tunayofundishwa tangu shule ya msingi. Kwa hiyo niliposikia "inauma", nomino yenyewe ikiwa haikutajwa, kalamu yangu iliandika "miguu yote miwili". Mama alikuwa na maana ya mguu wa kushoto peke yake. Kiswahili cha Nairobi kwa kiasi kikubwa kimezipunguza ngeli za vitu hadi jozi moja: "i-" kwa umoja na "zi-" kwa wingi. Husemwa "mguu inauma", "goti inauma", "kichwa inauma", na miguu ikiwa miwili, "zinauma". Mfumo huo una kanuni zake, na kwa kanuni hizo mama alikuwa amesema umoja bila utata wowote. Aliyeleta utata ni msikilizaji aliyefika na sarufi ya darasani.

Je, kiambishi kimoja kina uzito gani? Katika mtihani wa sarufi kinapoteza alama moja. Katika fiziotherapia, maumivu yanayoshuka kutoka kiunoni hadi mguu mmoja mara nyingi huhusishwa na neva iliyobanwa kwenye uti wa mgongo, na wagonjwa wengi wa aina hiyo hupata nafuu bila kupasuliwa. Yakishuka miguu yote miwili, hasa yakiambatana na ganzi kwenye sehemu za siri au kushindwa kuuzuia mkojo, mgonjwa anapaswa kufikishwa hospitalini mara moja. Mwenzangu aliposoma nilichoandika alishtuka, akaanza kumuuliza mama maswali ya dharura ambayo hayakuhitajika. Naomba wahadhiri wanaolichukulia suala la upatanisho wa Nairobi kama ulegevu wa vijana walitazame kwa upande huu pia.

"Mguu" na mipaka yake

Tatizo la pili ni letu sote, wa Nairobi, wa Mombasa na wa Unguja. "Mguu" kwa Kiswahili huanzia nyongani na kuishia vidoleni, na "mkono" huanzia begani hadi kwenye kucha. Kiingereza hukigawa kiungo hicho sehemu mbili na kuzipa majina tofauti, na hojaji nyingi tunazozitafsiri zimejengwa juu ya mgawanyo huo. Si kwamba Kiswahili ni maskini. Tuna nyonga, paja, goti, muundi, shavu la mguu, kifundo, kisigino, wayo. Tuna kiwiko, kilimbili na kiganja. Ila maneno haya huhitaji kuulizwa. Mtu anayeumwa huanza na jina la jumla, na mtafiti asiyeendelea kuuliza huondoka nalo hilo hilo.

Njia inayosifiwa sana ya kuhakiki tafsiri za aina hii ni tafsiri rejeshi, iliyoelezwa na Richard Brislin mwaka 1970: matini hutafsiriwa, kisha mtafsiri mwingine huirudisha katika lugha ya asili, na matoleo mawili hulinganishwa. Mwongozo wa Beaton na wenzake wa mwaka 2000, unaofuatwa mno katika tafiti za viungo na mgongo, huongeza kamati ya wataalamu na majaribio kwa wagonjwa wenyewe. Hatua ya mwisho ndiyo yenye thamani kubwa, na ndiyo inayorukwa kwa urahisi pesa zinapopungua. Tafsiri rejeshi peke yake haiwezi kulinasa kosa la "mguu". Neno la Kiingereza linakuwa "mguu", "mguu" unarudi kuwa neno lile lile, na wote wanaridhika. Wakati huo mgonjwa wa kisigino amekwisha kujibu "ndiyo".

Ngazi, mtaa na mtungi wa maji

Hojaji ya afya ijulikanayo kama SF-36 ilitafsiriwa kwa Kiswahili na kufanyiwa majaribio Dar es Salaam, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 1999. Ni kazi ya heshima, na haikuwa nyepesi: toleo la Kimarekani la hojaji hiyo linatoa mfano wa kucheza gofu na wa kusukuma mashine ya kufyonza vumbi, na linapima mwendo kwa vipande vya barabara kati ya njia panda moja na nyingine. Tafsiri ya haraka ingesema "mtaa mmoja". Kwa mkazi wa Nairobi, mtaa ni Kibera nzima, au Kawangware nzima. Kutoka upande mmoja hadi mwingine ni safari.

Vivyo hivyo, "kupanda ngazi". Katika Kambi Muru, ambako nyumba nyingi ni za udongo au mabati na hazina ghorofa, mzee mmoja alituuliza kama tulimaanisha ngazi ya kupandia paa. Vipimo vya mwili vipo pale, ila si hivyo. Kuna kuvuka mtaro, kupanda mteremko wenye utelezi baada ya mvua, kubeba mtungi wa maji wa lita 20, na kuchuchumaa kwenye choo cha shimo. Hojaji hiyo huuliza kuhusu kuinama na kupiga magoti, lakini haina swali mahsusi kuhusu kuchuchumaa. Mwanamke anayeweza kupiga magoti lakini hawezi kuchuchumaa ana shida kila siku, na katika karatasi huonekana ni mzima. Kwa maoni yangu, hapa mtafsiri hana budi kuacha kutafsiri. Kinachotakiwa ni swali jipya, na swali jipya ni kazi ya mtaalamu wa tiba na mtaalamu wa lugha wakiwa wameketi pamoja.

Maneno ya maumivu

Mwaka 1975 Ronald Melzack wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, alichapisha hojaji yenye maneno 78 ya kueleza maumivu, yaliyopangwa katika makundi 20. Nilipoiona mara ya kwanza nilitamani kuona orodha kama hiyo ikianzia kwetu. Maumivu ya Kiswahili huuma, huchoma, huwanga, hupwita, hukata, husokota, huwasha, huvuta. Kiungo hukakamaa, au hufa ganzi. Orodha hii haioani na ya Melzack neno kwa neno, na hapo ndipo utafiti ulipo. Kwa mfano, "kuchoma" ni kazi ya moto na pia ni kazi ya sindano. Melzack aliyaweka maumivu ya kuunguza na ya kudunga katika makundi tofauti, na kwa mwanafiziotherapia tofauti hiyo ina maana, kwa kuwa hisia ya kuungua ni moja ya dalili zinazomfanya ashuku neva yenyewe. Tuliamua kuuliza, "Inachoma kama moto, au kama sindano?" Wengi walijibu bila kusita.

"Mshipa" ulitusumbua zaidi. Ni njia ya damu, ni neva, kwa wengine ni kano, na huko pwani huenda mzee akausema kwa staha akiwa na maana ya ngiri. Mtu akisema mshipa wake "umevuta", afadhali aonyeshe kwa kidole.

Jina la taaluma na jina la mtu

Mada ya istilahi ingestahili makala yake, nami nitaigusa tu. Nchini Kenya "urekebishaji" umeelemea kwenye magereza na vituo vya waraibu, na "ukarabati" ni wa barabara na majengo. Tanzania huduma hizi huitwa "utengamao", kutokana na kitenzi "tengamaa". Nalipendelea neno hili kwa sababu ya kisarufi. Anayekarabatiwa ni mtendwa, ilhali anayetengamaa ndiye kiima cha kitenzi chake. Hata hivyo, hakuna hata mmoja wa tuliozungumza nao Kambi Muru aliyelijua. Walisema "mazoezi", au "kukandwa".

Kuhusu mtu mwenyewe, historia ya neno inaonekana katika ngeli. Kilema, kiwete, kipofu na kiziwi wana kiambishi cha vitu, ingawa sentensi huwapatanisha na watu. "Mlemavu" akaingizwa katika ngeli ya watu. "Mtu mwenye ulemavu" akautenganisha utu na hali yake. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 54, inampa mtu huyo haki ya kuitwa kwa namna isiyomdunisha. Lakini bado "ulemavu" unabeba mzigo mkubwa mno. Mainisho ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 1980 yalitofautisha dosari ya kiungo, kushindwa kutenda, na kukosa nafasi katika jamii. Yale ya mwaka 2001 yanazungumzia mwili, shughuli na ushiriki. Mtafsiri asiye mwangalifu huviita vyote "ulemavu", na swali linalohusu kushiriki harusi au mazishi ya jirani linageuka kuwa swali kuhusu mguu.

Mama yule wa kwanza tulirudi kwake wiki iliyofuata na karatasi iliyosahihishwa. Swali sasa lilikuwa, "Mama, ni mguu mmoja au zote mbili? Tuonyeshe inapoanzia na inapoishia." Mwenzangu aliniuliza kama "zote mbili" lingepita kwa msimamizi wake. Nilimwambia aliache, na pembeni tukaandika toleo sanifu kwa ajili ya tasnifu. Mama aliweka mkono kiunoni, akaushusha nyuma ya paja hadi kisiginoni.